Miombo Ichipuapo: Habari za Nyumba Yetu ya Mafungo

Wengi wenu mmetuuliza jinsi tunavyoishi hapa katika nyumba ya mafungo majira haya, na vijana wanaokuja kujitolea hufanya kazi gani, na faida yake ni nini. Walimu wengine wameuliza kama yafaa kuwaleta wanafunzi wao. Basi twaona vema kuwajibu wote pamoja, maana jambo hili lahusu kila nyumba ipokeayo mgeni.

Kwanza twapenda kueleza majira yenyewe. Watu wa Ulaya wana majira ya kuchipua, ambayo baridi ikiisha na theluji ikiyeyuka, miti iliyokuwa uchi huvaa majani tena. Sisi wa Mpanda na Katavi hatuna theluji, lakini majira ya kuchipua tunayo, nayo huja kwa namna yake. Mvua zetu huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, zikakoma Aprili au karibu yake. Tangu Mei nchi hukauka polepole. Nyasi huwa manjano, moto hupita mwituni, na mto Katuma hupungua hata viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyobaki, migongo yao ikigusana. Mtu asiyeijua nchi hii, akipita hapa mwezi wa Agosti, aweza kudhani imekufa.

Ndipo katika Septemba na Oktoba, mvua ikiwa bado mbali na jua likiwaka kuliko wakati wowote, miombo huchipua. Majani yake machanga hutoka mekundu kama shaba iliyosuguliwa, mengine ya rangi ya divai, na mwitu mzima juu ya vilima huonekana kama uliowashwa taa. Baadaye majani yale hugeuka kuwa kijani. Wajuao elimu ya miti husema kwamba mti huu hutumia maji na chakula ulivyoweka akiba katika shina na mizizi tangu masika yaliyopita. Hauingojei mvua ya mwaka huu. Nyuki nao huwa na kazi nyingi, kwa kuwa miti mingi hutoa maua wakati huo huo, na warina asali hukagua mizinga yao kwa furaha. Twaomba msomaji akumbuke neno hili la mti uchipuao kabla ya mvua, kwa maana tutalihitaji mbele.

Nyumba yetu iko katika mwitu huo, upande wa njia iendayo Karema, ziwani Tanganyika. Ina vyumba vya kulala, kikanisa, jiko, bustani ya mboga na mwembe mmoja mkubwa ambao chini yake twafanya baraza. Majirani zetu ni Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, na siku hizi pia Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wakati mwingine huja makatekista, au walimu, au watu wa ndoa, nao hukaa siku tatu au nne katika kimya na sala, kisha hurudi kwao. Lakini katika majira haya huja pia vikundi vya vijana wa kujitolea. Wengine hutoka Sumbawanga kwa basi, wengine Tabora kwa gari la moshi lipitalo Kaliua, na mara moja moja huja na wenzao wa nchi za mbali.

Siku yetu huenda hivi. Kengele hulia alfajiri, tukaingia kikanisani. Baada ya Misa twanywa uji, kisha kila mtu hupewa kazi yake tangu saa moja hata saa sita, kabla jua halijawa kali. Baada ya chakula nyumba hukaa kimya. Saa kumi huwa na mafundisho, na jioni twakaa barazani na majirani wapendao kuja. Vijana wa mjini huona kimya kile kuwa kazi ngumu kuliko jembe. Siku ya kwanza hunong'ona, siku ya pili husinzia, na siku ya tatu wengine huanza kusikia sauti za ndege ambao walikuwapo tangu mwanzo.

Sasa twaja kwenye swali la faida. Watu wengi hufikiri kwamba mwenye kujitolea ndiye atoaye, na wenyeji ndio wapokeao. Lakini tazameni jikoni. Majira haya ya miombo mekundu ndiyo majira ambayo vihenge vimepungua. Mahindi ya mavuno yaliyopita yanakaribia kwisha kwa wengi, na mavuno mapya yako mbali, kwa maana mbegu yenyewe bado haijapandwa. Katika wakati huo huo wanakuja wageni ishirini wenye nguvu na njaa ya ujana. Nyumba hununua chakula kwa fedha, ni kweli, lakini desturi ya nchi hairuhusu mgeni apite bila kuletewa kitu. Basi huyu huleta kuku, yule maharage, mwingine migebuka mikavu iliyoletwa kutoka ziwani.

Mwaka mmoja bibi mmoja jirani yetu, mjane aishiye na wajukuu wawili, alileta kikapu cha karanga. Mama mpishi alipokifunua aliona kwamba karanga zile zilikuwa kubwa zote, safi, zimechambuliwa moja moja. Akatambua kwamba hizi si karanga za kula.

Akasema, "Shikamoo, Bibi. Hizi si mbegu zako?"

Bibi akajibu, "Marahaba, mwanangu. Ni mbegu. Lakini mvua haijaja, na mgeni amekwisha kuja. Niwaambie wakale wapi?"

Mama mpishi alipokea kikapu kwa mikono miwili, kwa maana kukikataa kungekuwa kumvunjia mzee heshima. Akakiweka juu ya dari ya jiko, mahali pakavu penye moshi, akapika karanga za sokoni. Hakumwambia mtu ila sisi wa nyumbani.

Kikundi kile kilikuwa kimekuja na shauri la kufyatua matofali na kuanza kujenga chumba cha ghala. Walikuwa wamechanga fedha kwa miezi mingi, na mioyo yao ilikuwa motoni. Jioni ya siku waliyofika, kabla hawajagusa udongo, fundi mmoja wa matofali wa kijiji alikuja barazani, akasalimu kwa adabu, akaomba ruhusa ya kusema. Alisema hivi: "Baba Padre, nami ni mkristo, nafurahi kuwaona vijana hawa. Lakini kazi ya matofali ndiyo inayonipa ada ya shule ya watoto wangu, na wakati wake ni huu tu, kabla ya mvua. Kama wao wanafyatua bure, mimi nitamwuzia nani?"

Palikuwa kimya. Vijana wengine walikunja uso, wakidhani kwamba mtu huyu anapinga kazi ya Mungu kwa sababu ya fedha. Kijana mmoja akasema kwamba kilichotolewa kwa mapendo hakina bei. Hapo mzee mmoja, katekista aliyekuja kutoka Katumba kwa mafungo, aliomba naye aseme.

Yapasa tuwakumbushe wasomaji wa mbali habari za Katumba. Mwaka wa 1972 watu wengi waliuawa nchini Burundi, na wengi wakakimbilia nchi yetu. Makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, yalifunguliwa mwaka wa 1973, na ya Mishamo mwaka wa 1978. Watu wale walikata mwitu, wakalima, wakauza chakula hata nje ya makazi yao. Baada ya miaka mingi ya kungoja, tangu mwaka wa 2014 wengi wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Basi yule mzee alikuja akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, na sasa ni mwenyeji kama sisi.

Alisema, "Wanangu, mimi nimekuwa mgeni miaka mingi kuliko umri wenu, basi nisikilizeni. Tulipofika, tulipewa chakula, nasi tulishukuru. Lakini kilichoturudishia utu wetu ni siku tulipopata shamba na jembe, tukaanza kula cha mikono yetu. Atoaye chakula huokoa siku moja. Atwaaye kazi ya mtu, hata kwa nia njema, humrudisha mtu huyo kwenye foleni ya kungoja chakula. Fundi huyu hana haja ya msaada wenu. Ana haja ya kazi yake."

Tulishauriana usiku ule, na vijana wenyewe ndio waliokata shauri. Asubuhi yake fundi alifanywa mkuu wa kazi, kwa ujira uliopatanwa, akapewa na wasaidizi wake wawili wa kijijini wenye ujira vilevile. Vijana wakawa wachota maji, wakanyaga udongo, wakabeba matofali na kukata kuni za tanuru. Mtu aliyesoma hadi chuo kikuu aliambiwa na fundi asiyemaliza shule ya msingi, "Kalibu yako haijalowa, tofali litapasuka, anza tena." Akaanza tena. Twaona kwamba somo hilo lilikuwa na thamani kuliko mafundisho mengi tuliyoyatoa saa kumi.

Lakini mvua ya mwaka ule haikungoja. Katika juma la mwisho, matofali yakiwa yamepangwa kukauka na tanuru bado halijawashwa, radi ilianza kunguruma upande wa ziwani kabla ya usiku wa manane. Kila mjenzi ajua maana yake: tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope, na kazi ya majuma mawili hupotea kwa saa moja. Tukapiga kengele. Vijana walitoka mbio na mikeka, maturubai na matita ya nyasi za kuezekea. Na kabla hawajafunika nusu, tuliona mienge inakuja katika njia za mwituni. Majirani waliisikia kengele wakaamka, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na alicho nacho: ngozi ya ng'ombe, mlango wa miti, bati kuukuu. Mvua iliwakuta wote wamelala juu ya kingo za maturubai ili upepo usiyachukue. Matofali mengi yakapona. Machache ya pembeni yakawa tope.

Kulipokucha nchi ilikuwa inanukia harufu ile ya udongo uliolowa, ambayo hakuna mkulima asiyeipenda. Kumbikumbi waliruka kwa maelfu, na watoto wakawakamata katika mabeseni. Lakini hapo ndipo lilipotokea jambo zito zaidi. Mvua ya kwanza iliyolowesha udongo vizuri ni mvua ya kupanda. Apandaye mapema huvuna, na achelewaye huomba. Majirani waliokuwa wamekesha katika mvua kwa ajili ya matofali yetu walikuwa wamechoka na kulowa, na siku ile ilikuwa ndiyo siku ya mashamba yao.

Vijana walikuwa wamebakiwa na siku tatu tu. Fundi aliweza kuchoma tanuru na wasaidizi wake, lakini ukuta usingesimama kabla ya kikundi kuondoka, na hapangekuwa na kitu cha kuonyesha kwao waliochanga fedha. Kiongozi wao, binti mmoja mwalimu wa shule, aliwaita chini ya mwembe. Twamkumbuka jinsi alivyosema maneno machache. Alisema, "Sisi tunakula cha watu hawa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya kumi na tisa." Wakacheka, kisha wakaja kutuomba majembe.

Walikwenda wawili wawili katika mashamba ya wale waliokuja usiku. Kwa yule bibi mjane walikwenda wanne, na Mama mpishi akawapa kikapu kile cha karanga, kilichotolewa darini, kikavu kama kilivyoletwa. Bibi alipokiona alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hamkula." Mmoja wa vijana, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameelezwa habari yake, akajibu, "Bibi, tutakula utakapovuna." Naye Bibi hakutoa hotuba. Alitwaa jembe lake, akawaonyesha kina cha shimo na nafasi ya mbegu hadi mbegu, akamkemea yule aliyefukia kwa kina mno.

Ghala lile lilijengwa baadaye na fundi yule yule, kwa fedha zile zile. Nalo limesimama hata leo. Na kwa siku zile tatu za mashamba hakuna picha wala kibao cha ukumbusho.

Wasomaji wetu, tukitafakari mambo haya twamkumbuka mgeni mmoja mkuu wa upande huu wa ziwa. Karema, kama wengi mjuavyo, ilianza kuwa ngome: mwaka wa 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji aliijenga kwa chama cha kimataifa cha mfalme Leopold, na mwaka wa 1885 ikakabidhiwa kwa mapadre Wamisionari wa Afrika, waitwao White Fathers. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1889, alifika huko kijana mmoja jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre kule Algeria, akasomeshwa uganga wa hospitali katika kisiwa cha Malta. Akaja Karema kuwa mganga na katekista.

Hakuwa na ndugu hapa, na nchi ilikuwa ngeni kwake kama vile ingalikuwa ngeni kwa mtu wa Ulaya. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa nchi hii. Mwana wao Joseph akawa padre. Atiman alitibu watu wa Karema mpaka uzee wake, akafa huko mwaka wa 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67. Wa kwanza aliowatibu walikuwa wamekwisha kuwa mababu, na wajukuu wao walikuwa wakija kwake na watoto wao.

Hatusemi kwamba kila kijana ajaye hapa kwa majuma matatu yampasa akae miaka 67. Kila mmoja ana wito wake, na nyumbani kwao kuna kazi pia. Twasema tu kwamba kipimo cha kujitolea kimo katika habari hizi. Atiman aliyetolewa utumwani kwa fedha ya watu wengine angaliweza kusema kwamba yeye ndiye wa kuhudumiwa. Naye yule bibi angaliweza kufunga mlango mpaka mvua ije. Wote wawili walitoa kabla ya kuona mvua, kwa akiba iliyokuwa ndani yao, kama miombo. Na hata mgeni aliyekuja kutoa ataona, akiangalia vizuri, kwamba amekaribishwa na watu waliokwisha kumtangulia katika kutoa.

Basi, walimu mliouliza, jibu letu ni hili: waleteni vijana, lakini watayarisheni kwanza. Wafundisheni kusalimu kwa adabu ya nchi, na kuketi barazani bila haraka. Ulizeni mapema ni kazi gani wenyeji wanaihitaji, na ni kazi gani tayari ina mwenyewe anayeitegemea kwa chakula chake. Penye fundi, fundi alipwe, na vijana wawe chini yake. Waje na majembe yao, maana yetu hayatoshi. Na wasihesabu siku ya mvua kuwa siku iliyopotea.

Nanyi wazazi, mnaopokea wageni nyumbani mwenu, twajua kwamba miezi hii ni migumu. Ibrahimu aliwapokea watu watatu mlangoni pa hema yake wakati wa hari ya mchana, wala hakuwauliza kwanza wametoka wapi. Hatuwaambii mtoe mbegu za watoto wenu. Lakini kama mgeni ameingia, mpeni maji, mpeni mahali pa kukaa, na siku ya tatu mpeni jembe bila haya. Kumpa mgeni kazi ni kumheshimu, kwa maana kumemfanya kuwa mtu wa nyumbani.

Sasa tunapoandika, majani ya miombo yameanza kuacha wekundu wake. Mawingu yanakusanyika upande wa ziwa kila alasiri, lakini bado hayajatoa kitu. Majembe yamenolewa. Kikundi kijacho kinatazamiwa juma lijalo, na jirani mmoja amekwisha kuuliza ni wangapi, apate kujua ni kuku wangapi wa kufunga kamba. Mungu awalinde ninyi nyote, na mvua ya mwaka huu iwe ya kiasi, iwatoshe wapandao na kuwaacha wafyatuao matofali wamalize kazi yao.